Mito ya Nairobi: Neema Tuliyoipa Kisogo

Mji wa Nairobi ulipewa jina na maji. Wamaasai waliokuwa wakichunga ng'ombe wao katika nyanda hizi, kabla reli haijafika mwaka 1899, walipaita mahali hapa kwa maneno ya lugha yao yenye maana ya maji baridi. Basi ni jambo la kustaajabisha, wasomaji wetu wapenzi, kwamba mji ulioitwa kwa maji yake ulikuwa na watu zaidi ya milioni 4 kwa hesabu ya mwaka 2019, na wengi katika hao hawaujui mto wa mji wao ila kwa harufu yake. Hupita juu ya daraja wakiziba pua, na wakisha kuvuka husahau.

Sisi tunaosomesha watoto twayaona hayo kwa macho yetu. Siku moja, katika somo la tahara, tuliwauliza wanafunzi wetu mto ulio karibu na chuo chetu waitwaje. Wote walinyamaza. Kisha mmoja wao akasema, "Maalim, hapa karibu hapana mto. Ule pale chini ni mtaro wa maji machafu." Naye alikuwa akinyosha kidole upande wa Mto wa Nairobi wenyewe. Mtoto yule hakusema uwongo. Alisema alichokiona tangu kuzaliwa kwake. Lakini neno lake latupasa tulifikiri sana, kwani mtu hawezi kukipenda kitu asichokijua hata jina, wala hawezi kukilinda kitu asichokipenda.

Makusudio yetu katika makala haya ni mawili. La kwanza ni kuwaonyesha wazazi na vijana ya kuwa katika mji huu mkubwa bado yapo maji ya kutazamwa, na kivuli cha kukaliwa, na mahali pa kupunga hewa pamoja na watu wa nyumbani. La pili ni kueleza kwamba starehe hiyo ni amana, na ya kuwa amana hii twaipoteza kwa mikono yetu wenyewe.

MITO YETU NI MINGAPI, NA YAENDA WAPI?

Mito mikuu ya mji ni mitatu: Mto wa Nairobi, Mto wa Mathare, na Mto wa Ngong, ambao huku juu huitwa Motoine. Mto wa Nairobi hutoka katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Mahali hapo majani yameota juu ya maji yakafungamana hata yakawa kama ardhi, na mwenye kuyakanyaga huhisi nchi yote yatikisika chini ya miguu yake. Nayo ni hatari, haifai kuchezewa. Kutoka hapo mto hushuka mashariki, ukapita Chiromo, na chini ya kilima cha Makumbusho, na kando ya Gikomba na Pumwani, kisha Korogocho na Dandora. Mto wa Mathare huungana nao huko chini, na wa Ngong nao hufuata, na yote pamoja humwagika katika Mto Athi.

Wengi hudhani habari yaishia hapo. La, haikwishia hapo. Mto Athi huzunguka ukapita nchi ya Ukambani, ukaingia Tsavo, na ukisha kukutana na Mto Tsavo huitwa Galana. Kisha, ukikaribia pwani, huitwa Sabaki, nao huingia baharini kaskazini ya Malindi. Na huko, ukingoni mwa Sabaki, pana visima vya Baricho, ambavyo watu wa Malindi na Kilifi hupata humo maji yao, na Mombasa pia hupata sehemu. Basi ewe uliye na shangazi Malindi au wajomba Mambrui, fahamu ya kuwa kitu ukitupacho mtoni Eastleigh leo, njia yake ni kuelekea kwao. Mchanga na njia ndefu huchuja mengi, wala hatusemi yote hufika; lakini hakuna mto mwingine wa kuyachukua. Mji huu na pwani yetu vimefungwa kwa uzi mmoja wa maji.

MAHALI PA KUPUNGA HEWA

Haifai mtu kukaa ndani ya vyumba viwili katika ghorofa ya tano, yeye na watoto sita, mwezi baada ya mwezi, asione jani wala maji. Kifua hubana, na maneno ya nyumbani huwa makali. Wala haifai starehe iwe ya waume peke yao, baba akatoka na wenziwe jioni kila siku, na mama asiujue mji ila njia ya sokoni. Haya basi ni mahali tunapoyajua yafaa kwa watu wa nyumbani.

Kwanza ni msitu wa Karura, upande wa kaskazini ya mji. Ukubwa wake ni kama hektari 1,000, nao una mito na kidimbwi chenye mayungiyungi, na maporomoko ya maji yenye urefu wa kama mita 15, na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Hapo pana kiingilio, na njia zimewekwa alama vizuri. Yapasa kila kijana ajue ya kuwa msitu huu ulikuwa karibu kukatwa vipande na kugawiwa wajenzi. Mwaka 1998 na 1999 Bibi Wangari Maathai na wenziwe waliingia humo kupanda miti, wakapigwa na kujeruhiwa, wala hawakurudi nyuma hata shauri lile likasimama. Bibi huyo alipewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2004. Leo watoto wetu hucheza katika kivuli ambacho watu wengine walikilipia kwa damu zao.

Pili ni bustani ya miti iitwayo Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, si mbali na katikati ya mji. Humo mna miti ya nchi nyingi, na kijito cha Kirichwa hupita kando yake. Mwenye kukaa kimya pale asubuhi mapema husikia ndege wengi, na akiwa na subira humwona mdiria akikaa juu ya tawi kutazama maji.

Tatu ni bustani ya Michuki, kandokando ya Mto wa Nairobi, baina ya mzunguko wa Globe na kilima cha Makumbusho. Hapo zamani palijaa gereji na vyuma vikuukuu, na mafuta machafu yakichuruzika mtoni. Marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira tangu mwaka 2008 hata alipofariki mwaka 2012, ndiye aliyesimamia kazi ya kupasafisha, na bustani ikaitwa kwa jina lake. Maji yake hayajawa safi, lakini ukingo wake umekuwa kijani, na mtu aweza kukaa katika nyasi akausikia mto ukienda.

Nne ni Hifadhi ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946. Upande wake wa kusini Mto Mbagathi ndio mpaka, na pana mabwawa ya viboko ambapo wageni huweza kutembea kwa miguu wakiwa na askari wa hifadhi. Humo mna mamba pia. Kwa hiyo neno la askari ni amri, wala si shauri.

Wazee nao watakumbuka bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa mwaka 1969, na bwawa lake lililochimbwa kwa mikono ya watu. Kwa miaka mingi siku za Idi zilikuwa hazikamiliki kwa watoto wa mji huu mpaka wapandishwe mashua katika bwawa lile. Wengi waliokwisha kuwa na wajukuu bado hukumbuka kasia ya kwanza waliyoishika mikononi mwao.

ADABU ZA MATEMBEZI

Starehe isiyokuwa na adabu huzaa majuto. Nasi twawausia ndugu zetu mambo haya.

Mosi, msiyanywe maji ya mto wala kidimbwi chochote cha mji, hata yakionekana maangavu, wala msiwaache watoto kuoga au kuyachezea. Kipindupindu, homa ya matumbo na kichocho havionekani kwa macho.

Pili, chungeni misimu. Mvua za masika huwa baina ya Machi na Mei, na za vuli baina ya Oktoba na Disemba. Mvua ikinyesha huko juu Kikuyu na Limuru, mto hujaa huku chini na hali mbingu iliyo juu yenu ni safi. Mto uliokuwa ukifika kifundoni huweza kumchukua mtu mzima kwa dakika chache. Maji yakigeuka rangi na kuvuma, ondokeni ukingoni upesi, wala msijaribu kuvuka.

Tatu, mtoto asiwekwe karibu na maji chini ya ulinzi wa mtoto mwenziwe. Dada wa miaka kumi hawezi kumwokoa nduguye wa miaka mitano. Aghalabu huzama wote wawili. Mtu mzima mmoja na awe kazi yake ni kutazama tu, asishike simu wala mazungumzo. Na mwenye uwezo na awafundishe watoto wake kuogelea katika hodhi safi, wavulana na wasichana, kila kundi mahali pake pa stara.

Nne, chukueni kila kitu mlichokuja nacho. Ganda la ndizi, chupa ya soda, nepi ya mtoto, vyote virudi nyumbani katika mfuko mliovichukulia.

Na la tano, chukueni maji ya udhu katika dumu. Hapa, ndugu zetu, twaomba msomaji asimame kidogo afikiri. Wazee wetu waliposafiri walikuwa wakifurahi kuufikia mto, kwani waliteremka wakatawadha, wakasali ukingoni. Leo sisi twachukua maji ya bomba katika dumu kwenda nayo mtoni. Kila aliyesoma kitabu kidogo cha fikihi ajua ya kuwa maji yaliyobadilika rangi yake, au tamu yake, au harufu yake kwa sababu ya najisi, hayafai kujitoharisha. Mto wa Nairobi katika sehemu zake za chini umebadilika yote matatu. Mji mzima umekaa kando ya maji yendayo, na mtu hapati humo kiasi cha kuosha uso wake kwa ajili ya sala. Sisi hatujui alama ya hasara iliyo wazi kuliko hiyo.

TULIFIKAJE HAPA?

Jambo hili halikutokea kwa siku moja. Tazameni bwawa la Nairobi lililo kando ya Kibera. Lilijengwa mwaka 1953, wakati mji ulipohitaji maji zaidi, na baadaye likawa mahali pa mashua za tanga na pa watu kutembea. Kibera yenyewe ni mahali ambapo askari Wanubi, ndugu zetu katika dini, walipewa makazi mwanzo wa karne iliyopita, na jina lake katika lugha yao lina maana ya msitu. Kisha watu wakazidi, nyumba zikajengwa pasipo mifereji ya maji machafu wala gari la taka, na kila kilichokosa pa kwenda kikafuata mteremko. Ilipofika miaka ya 1990 gugu maji, lipendalo maji yenye samadi, lilikuwa limelifunika lile bwawa, na matanga yakatoweka.

Huko Dandora nako, tangu mwaka 1975, taka za mji humwagwa karibu na mto. Mvua ikinyesha, uchafu huteremka majini. Tena wako wakulima wanaomwagilia mboga kwa maji hayo hayo, na mboga hizo huja sokoni, tukazinunua. Risasi na madini mengine mabaya hayaondoki kwa kupikwa. Basi uchafu tulioutupa mlangoni hurudi kwetu katika sahani.

Na mto ulionyimwa njia huitafuta. Sheria ya Kenya imeweka ukanda usiojengwa kando ya mto, wa mita zisizopungua 6 na hata 30, lakini watu walijenga hata ndani ya njia ya maji: maskini kwa kukosa pengine pa kwenda, na matajiri kwa tamaa. Katika mvua za Machi hata Mei mwaka 2024 maji yalirudi mahali pake. Mathare na sehemu nyingine za mji zilifunikwa, na katika nchi yote watu zaidi ya 200 walifariki. Baadaye nyumba nyingi za ukingoni zilibomolewa, na waliokuwa na kidogo wakabaki hawana kitu. Hatuwacheki waliofikwa na msiba. Twasema tu ya kuwa mto una haki yake, na asiyempa mwenye haki haki yake kwa hiari atampa kwa nguvu.

MTO WAWEZA KUFUFUKA

Asiseme mtu, "Jambo hili limekwisha haribika, halina dawa." Mto Thames wa London ulikuwa mbaya kuliko huu wetu. Mwaka 1858 harufu yake ilikuwa kali hata wakubwa wa Bunge walishindwa kukaa katika nyumba yao iliyo ukingoni, na hapo ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa fedha za kujenga mifereji mikubwa ya maji machafu. Hata hivyo mji ulizidi kukua, na mwaka 1957 wataalamu walisema ya kuwa katika sehemu kubwa ya mto ule ipitayo mjini hapana uhai tena. Kisha mitambo ya kusafisha maji machafu ikatengenezwa, na sheria zikashikwa. Leo samaki wa namna nyingi wamerudi, na sili, mnyama wa baharini, huonekana katika maji yake. Hapana muujiza katika hayo. Ni fedha, na sheria, na subira ya miaka mingi.

Hapa kwetu pia mwanzo upo. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya mazingira safi. Mwaka 2022 iliundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Na vijana wa Korogocho, wasiongojea tume wala waziri, walisafisha ukingo wa mto uliokuwa jalala, wakapanda miti na kuufanya bustani ya watu wote. Wao ni maskini kuliko wengi wasomao ukurasa huu. Kama wao waliweza, sisi udhuru wetu ni upi?

KAZI YA KILA NYUMBA

Mtume wetu (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaonya juu ya kuchafua mahali wanapochota watu maji, na njia zao, na vivuli vyao. Tena alitufundisha tusifanye israfu ya maji katika udhu hata tukiwa kando ya mto wendao. Basi anayemwaga uchafu mtoni haendi kinyume na sheria ya serikali peke yake.

Yatupasa tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Kwanza ni taka za jikoni na nepi: zitiwe mahali pake, zilipiwe gari la taka, hata kama jirani hutupa ukingoni bure. Pili ni mafuta ya gari: mwenye gereji asiyamwage katika mfereji wa mvua, kwani mfereji huo huishia mtoni. Tatu ni siku ya Idi ya kuchinja. Sisi Waislamu hasa tuna jukumu hapa, kwani matumbo, samadi na damu za wanyama wetu zikitupwa mtoni siku hiyo, ibada yetu huwa maudhi kwa walio chini. Kila msikiti na uchague kabla ya Idi mahali pa kuchinjia na shimo la kufukia.

Nne ni elimu. Enyi walimu wenzetu, mkisomesha mlango wa maji, watoeni watoto nje mkawaonyeshe mto. Wajue jina lake, watokako maji yake na yaendako. Mtoto aliyekaa mara moja katika kivuli cha Karura akisikiliza maji yakianguka hatarudi nyumbani akatupa mfuko wa taka darajani. Na akimwona mwenziwe akitupa, atamkataza. Mafundisho ya namna hiyo hayahitaji ubao wala chaki.

Na tano, msiache kwenda kwa sababu mto ni mchafu. Wako wasemao, "Ukisafishwa ndipo tutakwenda." Sisi twaona kinyume chake: mto huchafuliwa kwa kuwa watu hawaendi. Mahali penye mama na watoto wamekaa juu ya mkeka hapamwagwi taka mchana, wala mwizi wa ardhi hajengi ukuta hapo pasipo kuulizwa. Macho ya watu ni boma.

Basi Jumapili ijayo, ewe baba, kama riziki yaruhusu na mvua haipo, tia chai katika chupa na maandazi katika kapu, jaza dumu la udhu, uwachukue watu wako uwaonyeshe maji ya mji wao. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe umri wa kuuona mwaka ambao dumu lile litaachwa nyumbani, tukateremka ukingoni mwa Mto wa Nairobi, tukatawadha humo, na maji yakawa baridi na safi kama lilivyo jina lake. Amin.